Boksi la sayansi la watoto: sumaku safi, kadi ya kuelea na kuzama ni balaa

Jamani mimi sio mtu wa kuandika andika lakini hili limenikaa kooni. Nilinunua lile boksi la majaribio ya sayansi la watoto wa msingi, lenye sumaku, balbu, waya, plastisini na kadi za maelezo za Kiswahili, kwenye duka la mtandaoni la hapa hapa Dar, wiki kadhaa zimepita. Elfu 45, na bodaboda elfu 5 juu yake. Sumaku ziko poa, balbu inawaka, hapo sina neno.

Sasa njoo kwenye kadi ya kuelea na kuzama. Imeandikwa kwa maherufi makubwa eti KITU KIZITO HUZAMA, KITU CHEPESI HUELEA. Basi, imeishia hapo! Binti yangu yuko darasa la nne, bibi yake anakaa Kigamboni, akasoma akaniangalia, mama sasa mbona pantoni haizami na inabeba mafuso na watu wote wale? Tukajaza beseni maji. Msumari mdogo, hata gramu 10 haufiki, ukaenda chini moja kwa moja. Tukaweka dafu zima halijakatwa, kilo na ushee hilo, likaelea linajizungusha tu pale juu.

Halafu kichekesho, plastisini ya humo humo ndani ya boksi ndiyo inayoiumbua kadi yao. Tukaviringisha donge, likazama. Tukalitoa tukalibonyeza liwe bakuli lenye kingo, likaelea, na hatukupunguza hata punje. Uzito ni ule ule, kilichobadilika ni maji linayoyasukuma pembeni, likiweza kusukuma maji yenye uzito sawa na wake kabla halijaingia lote halizami, na pantoni ndivyo ilivyo, chuma nje ndani hewa kibao. Archimedes, yule mwanasayansi Mgiriki wa kale, kayasema haya zaidi ya miaka 2000 iliyopita, nyie mnachapa kadi leo mnakosea!

Lakini hata hayo ningemeza. Nikaipiga picha kadi nikamtumia kaka wa duka WhatsApp, kwa adabu kabisa, habari za kazi kaka, naomba muiangalie hii kadi. Tiki za bluu, kimya mchana kutwa. Jioni ananitumia voisi, "Mama, hiyo ni ya watoto wa msingi, sio ya mainjinia wa meli. Na mzigo ukishafunguliwa haurudishwi." Nani kakwambia narudisha?? Yaani mtoto kwa kuwa mdogo ndio alishwe uongo, aukariri, aje auandike kwenye mtihani apigwe mkasi, halafu mwalimu ndio aanze kazi ya kuufuta kichwani.

Nilikuwa nimeshaandika msinunue kabisa, nikafuta, maana mtoto tangu siku ile beseni halitulii, kila kitu cha jikoni kinatupiwa majini, mpaka limao, na limao lililomenywa (jaribuni muone, lenye ganda linaelea, la kumenya linazama). Kwa hiyo nunueni tu, boksi lenyewe zuri. Au ngoja, nunueni sumaku na plastisini Kariakoo mtaokoa hela. Sijui bwana. Ila ukilinunua hiyo kadi chana kabla mtoto hajaiona, na wewe kaka wa voisi kama unasoma hapa, elfu 5 yangu ya bodaboda naitaka.