Tucker: gari 51, kesi moja, na filamu inayompenda mno mtu wake

Haya wapenzi watazamaji, karibuni tena. Leo mezani hakuna simu wala spika. Kuna filamu, na ndani ya filamu kuna gari, kwa hiyo mtanivumilia nikichambua bidhaa mbili kwa mpigo.

Filamu inaitwa Tucker: The Man and His Dream. Ni ya mwaka 1988, mwongozaji ni Francis Ford Coppola, yule wa The Godfather, na mtayarishaji mkuu ni George Lucas, yule wa Star Wars. Inachukua kama saa moja na dakika hamsini. Daraja lake ni PG, watoto wanaweza kukaa sebuleni bila wewe kushika rimoti mkononi muda wote.

Hukumu yangu naitoa mapema ili tubishane vizuri: ni filamu nzuri, kwa macho ni nzuri sana, lakini inamtetea mtu wake mpaka inamficha. Na huyo Tucker aliyefichwa ananivutia kuliko yule tunayeonyeshwa.

Kwa wasiomjua, Preston Tucker alizaliwa Michigan mwaka 1903. Vita Kuu ya Pili inaisha, Wamarekani wana hela mfukoni na hawana magari mapya, kwa sababu viwanda vilitumia miaka yote ile kutengeneza zana za kivita. Wakubwa wa Detroit, yaani General Motors, Ford na Chrysler, wanarudi sokoni na magari yale yale ya kabla ya vita, yamebadilishwa urembo wa mbele basi. Anatokea Tucker anasema: mimi nitawapa gari jipya kabisa. Anakodishwa kiwanda Chicago, kikubwa ajabu, kilichokuwa kikitengeneza injini za ndege za kivita aina ya B-29. Mwaka 1947 anauza hisa, anakusanya takriban dola milioni 17. Na gari lenyewe bado halipo.

Shikeni hapo hapo. Gari halipo, hela ipo. Tutarudi.

Sasa bidhaa ya kwanza, gari. Linaitwa Tucker 48. Injini imekaa nyuma, buti iko mbele. Ni silinda sita zilizolala, lita 5.5, nguvu za farasi 166, na asili yake ni injini ya helikopta. Ilikuwa inapozwa kwa hewa, mafundi wa Tucker wakaigeuza ipozwe kwa maji. Tucker aliipenda mpaka akainunua kampuni nzima iliyokuwa ikiitengeneza. Mbele kuna taa tatu, na ya katikati ndiyo iliyolipa gari sura yake: ukikata kona zaidi ya nyuzi 10, inawaka na kugeuka kufuata usukani, inakumulikia unakokwenda. Dashibodi imewekwa sponji ili ukigonga usipasuke uso. Kioo cha mbele kimefungwa kwa namna kwamba gari likigonga kinachomoka kwenda nje badala ya kukuangukia vipande vipande. Abiria wa mbele ana nafasi chini ya dashibodi ya kujitupa akiona ajali inakuja. Hii ya mwisho nitaiita matumaini kuliko uhandisi, lakini wazo la jumla ni zito: mwaka 1948 kuna mtu anauza gari kwa hoja ya usalama, wakati soko zima linauza nikeli na urembo.

Na halikuwa porojo tupu. Kwenye majaribio katika uwanja wa mashindano wa Indianapolis, gari moja lilipinduka likiwa kwenye mwendo mkali, zaidi ya kilomita 140 kwa saa. Dereva akatoka na michubuko. Kioo cha mbele kilichomoka kama walivyosema kitachomoka.

Giaboksi je? Hapa ndipo mafundi mnaotazama mtacheka. Giaboksi waliyoitaka haikuwa tayari, wakaenda kuchukua giaboksi za Cord, gari la kabla ya vita ambalo kampuni yake ilishakufa, wakizitafuta kwenye magari chakavu, na kuzifanyia ukarabati. Gari la kesho linatembea kwa giaboksi ya juzi. Kwa jumla yalikamilika magari 51, ukihesabu na lile la mfano, yaani la kwanza la maonyesho. Mengi yapo mpaka leo, na moja liliuzwa mnadani Marekani mwaka 2012 kwa karibu dola milioni 2.9.

Haya, tuingie kwenye filamu.

Jeff Bridges ndiye Tucker, na sioni mtu mwingine ambaye angeiweza kazi hii. Anatabasamu kwa dakika zote 110. Anatabasamu akiomba hela, anatabasamu akidanganywa, anatabasamu akishtakiwa. Mwanzoni unampenda. Katikati unaanza kujiuliza kama lile tabasamu linazimika akilala. Bridges anajua anachofanya: huyu ni dalali, na dalali mzuri hakuuzii nyumba, anakuuzia picha yako wewe ukiwa umekaa barazani. Coppola naye ameipiga filamu nzima kwa mtindo huo. Inaanza kama tangazo la biashara la miaka ya 1940, sauti ya msimulizi, muziki wa swingi uliotungwa na Joe Jackson, rangi za dhahabu, kila mtu amechana nywele. Mpiga picha ni Vittorio Storaro, na jamaa huyu mwanga anaufinyanga.

Angalieni simu zinavyopigwa. Tucker yuko mji mmoja, mkewe Vera yuko nyumbani, wanaongea kwa simu, na badala ya kukata picha huku na kule, wote wawili wako ndani ya fremu moja, seti mbili, yaani vyumba viwili vya kuigizia, zimepangwa bega kwa bega kama jukwaa la tamthilia. Mtu anageuka upande huu, tayari uko chumba kingine. Hakuna kompyuta hapo, ni mbao, rangi na mahesabu. Dean Tavoularis aliyebuni seti alipata tuzo ya BAFTA kwa kazi hii na anaistahili. Halafu kuna kejeli tamu ya pembeni: sehemu ya kiwanda cha Tucker mnayoiona kwenye filamu ilipigwa kwenye jengo la zamani la kiwanda cha Ford, kule Richmond, California. Yaani ukumbi umetolewa na adui.

Tukio la uzinduzi ndilo moyo wa nusu ya kwanza. Juni 1947, kiwanda cha Chicago kimejaa watu zaidi ya 3,000, waandishi, mawakala, wenye hisa. Nyuma ya pazia gari halijakaa sawa. Filamu inakuonyesha Tucker jukwaani akipiga soga kuvuta muda huku mafundi wakihangaika, na unacheka, unashika roho. Ukweli wenyewe ulikuwa mchungu zaidi. Vyuma vya kubeba magurudumu vilikatika kabla ya onyesho. Injini ya lile gari la mfano ilikuwa nyingine kabisa, dubwana la lita 9.65 lililohitaji umeme wa nje ili liwake, na kelele zake zilikuwa kubwa mpaka bendi ikaambiwa ipige kwa nguvu kuzifunika. Na gari lile halikuwa na gia ya kurudi nyuma. Waandishi walipojua, wakaifanya kichekesho cha mwaka. Magari yaliyofuata yalirekebishwa, lakini jina likishachafuka ndio hivyo tena.

Sasa lile nililowaambia mshikilie. Hela ipo, gari halipo. Tucker wa kweli, ili kupata mtaji zaidi, alibuni mpango wa kuuza vifaa vya gari kabla ya gari: unalipia vitambaa vya viti, redio, mabegi ya safari, na kwa kulipia unapata nafasi kwenye foleni ya kununua gari litakapotoka. Jamani. Mtu nyumbani kwake Marekani ana seti ya vitambaa vya viti vya gari ambalo halijatengenezwa! Mpango huo ndio uliowapa nguvu tume ya SEC inayosimamia masoko ya hisa, na waendesha mashtaka, wamkamate na mashtaka ya ulaghai. Filamu inalipita hili kwa mwendo wa bodaboda kwenye mataa. Inataka uamini kwamba kosa pekee la Tucker lilikuwa kuwatisha wakubwa wa Detroit.

Hapo ndipo mimi na Coppola tunapoachana. Sikatai kwamba wakubwa hawakumpenda, na seneta wao wa Michigan, Homer Ferguson, hakuwa rafiki yake. Lakini filamu inawafanya maadui wote wawe wanaume wa suti nyeusi wanaonong'ona kwenye vyumba vyenye giza. Hakuna hata mmoja mwenye hoja. Na hoja ilikuwepo: hizi ni hela za watu. Mtu aliyenunua hisa, wakala aliyelipia eneo la kuuza magari, wana haki ya kuuliza gari liko wapi. Ungempa hata mhusika mmoja sauti hiyo, Tucker angekuwa mtu wa kubishana naye. Bila hiyo anabaki sanamu linalotabasamu.

Kichekesho ni kwamba mwigizaji wa seneta Ferguson ni Lloyd Bridges, baba mzazi wa Jeff Bridges. Baba na mwana mezani, baba akimzibia mwanae njia. Mtazameni Lloyd anavyomkazia macho, ni dakika chache lakini zina uzito kuliko vikao vyote vya wenye suti.

Mahakamani filamu inajiachia kabisa. Tucker anasimama mbele ya jopo la raia wanaoamua kesi, anatoa hotuba ya kukutoa machozi, na nje magari yake yamepangwa barabarani yanameta. Kwenye kesi halisi hotuba ile haikuwepo. Mawakili wa Tucker hawakuita hata shahidi mmoja. Walisema upande wa mashtaka haukuthibitisha kosa lolote, kwa hiyo hakuna cha kujitetea, wakakaa. Januari 1950 wakashinda. Mimi ningelipa pesa kuona tukio hilo kama lilivyokuwa: wakili anakaa chini, chumba kimya, Tucker anatoa jasho. Coppola kachagua hotuba na gwaride. Linapendeza, sawa, lakini limetiwa sukari.

Na mkanda wa kiti! Filamu inaonyesha Tucker akiupigania dhidi ya wakurugenzi wanaoogopa kwamba wateja wataona gari ni hatari. Hofu hiyo ilikuwepo kweli ndani ya kampuni, na mkanda haukuwekwa.

Aliyeniokolea filamu ni Martin Landau. Anaigiza Abe Karatz, mtaalamu wa fedha anayemsaidia Tucker, mzee mpole wa New York ambaye amewahi kufungwa jela kwa kesi ya benki. Tucker anaruka ruka, Abe anatembea polepole amejikunyata ndani ya koti. Inafika siku Abe anajua kwamba rekodi yake ya jela itatumika kumwangusha rafiki yake, na anaandika barua ya kujiuzulu. Tazameni uso wake pale. Hakuna anayepiga kelele, hakuna muziki wa kukulazimisha. Landau alipata Golden Globe na akateuliwa Oscar kwa kazi hii. Ndiye mtu pekee humu anayejua kwamba kuota ndoto kwa hela za wenzako kuna gharama.

Joan Allen kama Vera amepewa kazi ndogo kuliko uwezo wake. Anapata tukio moja la maana, anapoingia chumba cha wakurugenzi mumewe akiwa safarini na kuwauliza maswali ambayo hawakuyategemea. Baada ya hapo anarudishwa jikoni. Kwa mwigizaji wa kiwango chake ni hasara tupu.

Kwa nini Coppola kampenda Tucker kiasi hiki? Baba yake Coppola, mwanamuziki Carmine, alinunua hisa za Tucker, na Francis aliliona gari lile akiwa mtoto. Kwa muda mrefu alitaka kuitengeneza kama filamu ya nyimbo, muziki utungwe na Leonard Bernstein. Halafu studio yake mwenyewe, Zoetrope, iliyotaka kufanya kazi bila kuinamia wakubwa wa Hollywood, ikazama kwenye madeni baada ya filamu yake ya 1982 kuanguka. Mwaka 1986 akafiwa na mwanae Gian-Carlo kwenye ajali ya boti. Filamu hii imetunukiwa kijana huyo, aliyependa magari. Ukijua hayo, lile tabasamu la Bridges unalitazama kwa jicho lingine. Sikubaliani na mwongozaji, lakini namwelewa.

Sokoni ilianguka nayo. Iligharimu karibu dola milioni 24 na haikuzirudisha kwenye kumbi za Marekani.

Sasa, je, umalizie bando lako hapa? Kama unapenda magari, ndiyo, bila kufikiri, kwa sababu magari mengi unayoyaona ni Tucker za kweli zilizoazimwa kwa wenyewe, Coppola na Lucas wakiwa miongoni mwa wenye nazo. Kama unasoma filamu, itazame mara ya pili sauti ikiwa imezimwa, ufuatilie seti tu. Kama unafanya biashara na unatafuta mtaji, usiitazame usiku ule ule unaoandika mpango wako. Mimi sijaikuta imetafsiriwa na ma-DJ wetu, kwa hiyo washa maandishi ya chini, Kiingereza chao cha miaka ya 40 kinakimbia.

Na ukitazama, niandikieni hapo chini: mngekuwa Chicago mwaka 1947 na hela ya vitambaa vya viti mkononi, mngelipia? Mimi redio ningelipia. Vitambaa, hapana.