Pikapu ya Porini: Fungua Eya Klina Kabla Hujauliza Bei

Ikifika Agosti, maswali ninayopokea hubadilika. Machi watu wanauliza namna ya kujinasua kwenye tope la Makete, Agosti wanauliza kwa nini gari linakunywa oili. Safari hii wamefuatana watatu: mmoja analima mpunga Ubaruku, wa pili anapeleka mahitaji kwa wachimbaji huko mbele ya Makongolosi, wa tatu anatembeza wageni Ruaha kupitia Idodi. Pikapu tatu za kampuni tofauti, zote zinavuta matairi manne, zote zilisifiwa na dalali mpaka mate yakamkauka. Zote tatu zimeshushwa injini. Mafundi wao wakasema ni dizeli mbaya. Nikawaomba kila mmoja anipigie picha ya ndani ya bomba la hewa, na picha zikaja nyekundu kama udongo wa tofali: vumbi tupu.

Kwa hiyo hapa sitazungumzia ulaji wa mafuta, wala viti, wala redio yenye skrini. Hayo dalali atakueleza bila kuulizwa. Mtu anayenunua pikapu ya kwenda Usangu mwezi wa Septemba, au Chunya ndani, au kandokando ya Ziwa Rukwa, au yule anayewaza kuvuka Tunduma na daraja la Kazungula mpaka Botswana na Namibia, anahitaji kujua jambo moja kwanza: hewa inaingia wapi kwenye injini, na njiani inapita salama au haipiti.

Fikiria kiasi chake. Injini ya lita 4.2 isiyo na turbo, ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, inavuta karibu lita 5,000 za hewa ndani ya dakika hiyo. Yote inapita kwenye chujio la karatasi lililo ndani ya eya klina. Vumbi la barabara zetu limejaa chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Pakiwa na upenyo wa unene wa kucha baada ya chujio, chembe hizo zinachanganyika na oili na kuanza kusaga ringi na kuta za silinda. Husikii kelele yoyote. Gari linaendelea kuwaka vizuri asubuhi, linavuta vizuri, mpaka siku unapokagua oili na kukuta kijiti kikavu. Kwenye gari la turbo huwa mapema zaidi, kwa sababu mapanga ya turbo ndiyo yanayopokea mchanga wa kwanza.

Ukienda kulitazama gari, nenda na kitambaa cheupe na bisibisi. Legeza bomba linalotoka kwenye eya klina kuelekea injini, upande ambao hewa imeshachujwa, upanguse kwa ndani. Unyevu kidogo wa oili karibu na turbo usikutishe. Kitambaa kikitoka na vumbi, rudisha bomba, shukuru, ondoka. Usishushe bei, ondoka kabisa, maana kinachouzwa hapo ni bodi na matairi. Kisha injini ikiwa inawaka fungua kifuniko cha kujazia oili: ikipumua kwa nguvu na moshi unatoka mfululizo, ringi zimeshachoka. Muuzaji akisema hataki gari lake lifunguliwe mabomba, naye amekujibu.

Kama gari ni lako tayari, paka grisi nyembamba ndani ya bomba hilohilo, endesha nyuma ya malori kwenye njia ya vumbi siku nzima, halafu fungua utazame. Grisi ikibaki safi, lala usingizi. Ikigeuka msasa, tafuta ufa: mara nyingi ni mpira wa eya klina uliokakamaa, au kilipu cha mfuniko kilichokatika kikafungwa kwa waya, au bomba lililopasuka kwa chini ambako jicho halifiki.

Na wale vijana wa kupiga upepo jamani. Kila kituo cha mafuta kuanzia Mbalizi hadi Igawa utamkuta mmoja, anachomoa chujio na kulipuliza kwa kompresa mpaka linapepea. Karatasi ile ikichanika tundu dogo huioni kwa macho, lakini vumbi litaiona. Chujio likichafuka ligongegonge taratibu, au puliza kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, na likishachoka nunua jipya.

Sasa mkonga. Huu ndio unaonikosesha adabu. Bomba hili la kuvuta hewa kutoka usawa wa paa lina kazi ya maana hata mahali pasipo na mto wa kuvuka, kwa sababu wingu la vumbi la lori lililo mbele yako ni zito zaidi chini, usawa wa taa. Hewa ya juu ina vumbi kidogo. Lakini nusu ya mikonga ninayoiona imefungwa kwenye magari ya kuuza ni urembo. Wametoboa bodi, wamefunga plastiki kwa skrubu nne, na kwa ndani bomba halijaungwa na eya klina. Injini inavuta hewa kutoka ndani ya fenda, palepale tairi linaporusha vumbi, na kwa tundu jipya walilotoboa sasa inapata zaidi. Hata mikonga ya kiwandani isikutie imani ya bure, maana mingi haikuzibwa kabisa kwenye maungio. Ifungue, paka silikoni, unga upya. Na kama unaweza, weka juu yake ile bakuli inayozungusha hewa na kutupa vumbi pembeni, kama zile za trekta za Mbarali. Haipendezi. Mke wa mtu mmoja alikataa kupanda gari la mumewe kwa sababu ya bakuli hiyo, na injini ile bado inadunda.

Turudi kwenye magari yenyewe. Sifichi: mimi ni mtu wa Toyota, tena Toyota ya kizamani.

Ya kwanza, na sioni ya kuikaribia, ni Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ, yaani HZJ79 iliyoanza kutoka mwaka 1999, au kaka yake HZJ75. Familia hii, iitwayo Land Cruiser 70, ipo tangu 1984, na jangwa linaifahamu: Chad ilipowafurusha Walibya mwaka 1987 kwa pikapu za Toyota, vita ile ikabaki na jina la gari. 1HZ ni silinda sita, lita 4.2, pampu ya kawaida isiyo na kompyuta, haina turbo. Haina kihisio cha kupima hewa kinachochafuka vumbi na kukuzimia gari mbugani. Sanduku lake la hewa ni kubwa na chujio lake linapatikana hadi kwenye maduka ya Rujewa. Ukiilinda njia ya hewa, injini hii itakuzeesha wewe.

Ina kasoro, nitazitaja. Ni nzito na haina haraka. Hapa Mbeya tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo inaihisi hewa nyembamba. Ukiipakia mifuko ya saruji na kupanda Kawetire kwenda Chunya, malori yatakupigia honi. Ina mkanda wa taimingi ambao ni wa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na aliyeuza hakumbuki alibadilisha lini, kwa hiyo ubadilishe wiki ileile unayonunua. Na zile za kuanzia 2007 zina tatizo ambalo watu wa mchanga mlaini wanalifahamu: matairi ya nyuma yamekaa ndani kuliko ya mbele, tofauti ya karibu sentimita 10. Kwenye mchanga wa Kalahari tairi la nyuma halifuati njia iliyochimbwa na la mbele, linachimba yake, na injini inalipa mara mbili. Kwenye udongo wa Usangu hutaona tofauti. Huko kwenye mchanga, punguza upepo wa matairi hadi kwenye 18 au 16 psi kabla hujanasa, na ubebe pampu ya kuyajaza ukirudi kwenye barabara ngumu.

Ya pili ni Hilux ya zamani, yenye injini iitwayo 3L au 5L. Wengi wanaidharau kwa sababu ni ya polepole na umbo lake limepitwa. Modeli ya LN106 yenye ekseli nzima mbele ni ngumu kuiua, inatengenezeka na fundi yeyote wa SIDO, na ni nyepesi kuliko Land Cruiser, jambo ambalo mchangani lina thamani kuliko nguvu. Ikague mfuniko wa eya klina na mabomba yake kwa uchungu, kwa sababu gari la umri huo limeshapita mikononi mwa watu wengi wenye waya. Tazama pia chasi juu ya ekseli ya nyuma, usikute imechomelewa na kupakwa rangi nyeusi mpya.

Ya tatu ni Isuzu D-Max yenye injini ya lita 3.0. Naiweka hapa kwa heshima na bila mapenzi. Inatumia mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, inavuta mzigo bila kulalamika, na mafundi wa malori ya Isuzu wanaielewa. Ila ni dizeli ya nozeli za kompyuta, na nozeli hizo hazitaki maji wala uchafu. Ukinunua mafuta ya madumu huko porini, utazililia. Weka chujio la pili la dizeli lenye kutenga maji.

Hilux Vigo na Revo zinafuata, na najua nitagombana na nusu ya Iringa. Ni magari mazuri ya lami na ya changarawe. Vigo ya injini ya 1KD, lita 3.0, ina nguvu tamu, lakini ukisikia ikigonga asubuhi ikiwa baridi, fahamu kuna hela ya nozeli inakusubiri, na ukichelewa kuna ya pistoni. Revo ya lita 2.8 nayo: Australia, ambako wana vumbi kutushinda, wenye nazo walilalamika kwamba vumbi lilikuwa linafika kwenye kihisio cha hewa na gari linakosa nguvu. Hukohuko mwaka 2022 mahakama iliwapa haki waliolalamikia kichujio cha moshi kwenye magari yaliyouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020. Ukiagiza pikapu ya kisasa kutoka Uingereza, uliza kwanza kama ina kichujio hicho cha kwenye ekzosi, kwa sababu kinataka dizeli safi kuliko ya kwetu. Nampenda Toyota, lakini sitamdanganya mtu kwa ajili yake.

Ford Ranger ya lita 3.2 ni raha kuiendesha, na kwenye maji inaingia hadi milimita 800 kwa maelezo ya kiwanda. Ikiwaka taa kwenye dashibodi ukiwa Madibira, utaivuta hadi Mbeya mjini kutafuta mwenye mashine ya kuisoma. Nissan Navara ya D40 chunguza kutu. Uingereza zilipata sifa mbaya kwa chasi kukatika, na nyingine zimekuja Afrika. Land Rover Defender ya 300Tdi ni ya mtu anayependa ufundi kuliko safari, na vumbi huingia hata pale unapokaa wewe.

Pikapu mpya za Kichina za bei rahisi: ulizia chujio la hewa kwenye maduka matatu ya mjini. Ukilikosa, umeshapata jibu. Kirikuu, ile pikapu ndogo ya mjini, ibaki soko la Mwanjelwa kubeba nyanya.

Kuhusu bei, nina donge. Land Cruiser ya miaka ishirini na tano inauzwa kwa hela ambayo ingejenga nyumba, na wauzaji wanajua hatuna pa kukimbilia. Ukiagiza mwenyewe unakutana na ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na nyongeza ya uchakavu, vyote vikianzia kwenye thamani ambayo mamlaka imeikadiria, hata kama risiti yako inasema vingine. Mwenye yadi anaijua hesabu hiyo kuliko wewe, na anaongeza yake juu. Halafu hadithi. Kila Land Cruiser inayouzwa kuanzia Makambako hadi Tunduma ilikuwa ya padri. Mapadri wangapi hao? Mwaka jana nilioneshwa moja ya padri, imeoshwa injini mpaka inang'aa, chujio jipya kabisa la hewa, bado lina namba ya duka. Nikatoa kitambaa. Muuzaji, mzee wa heshima zake, akaniambia, "Dada, gari la watu wa Mungu hulipangusi."

Nilipangusa. Bomba lilikuwa limeoshwa pia, lakini hawakufika kwenye kona ya chini. Wiki iliyofuata nikaliona Uyole kwa yadi nyingine, bei imepanda, na sasa lilikuwa la daktari.