Muvi ya watoto wa Diff'rent Strokes: itafute kwa ajili ya Gary na Todd

Hii muvi ya TV ya NBC ya 2006, Behind the Camera: The Unauthorized Story of Diff'rent Strokes, ina kasoro na nitazisema, ila kitu kimoja wamepatia kweli kweli, Gary Coleman na Todd Bridges, waliokuwa watoto kwenye hiyo komedi ya TV ya Diff'rent Strokes, wenyewe wamo humo ndani. Kila wakitokea wao unasahau kabisa waigizaji, maana hakuna mtu wa kukuigizia uso wa aliyepitia yale, na Gary alifariki 2010 kwahiyo kumsikia akiongea mwenyewe sasa hivi kunagusa zaidi.

Kwa wasioijua, komedi yenyewe ilirushwa 1978 mpaka 1986, tajiri mzungu wa New York anawalea ndugu wawili weusi wa Harlem, Arnold (Gary) na Willis (Todd), pamoja na binti yake Kimberly. Gary alianza ana miaka 10 akiigiza dogo wa miaka 8, na kwa vile ugonjwa wa figo na dawa zake vilimzuia kurefuka basi mpaka anagonga 18 bado ni yule yule Arnold. Hebu fikiria, umeshabadilishiwa figo mara mbili, wewe ni kijana mkubwa, alafu kila mtu anataka uvimbishe mashavu na kurudia ule msemo wako, "What'chu talkin' 'bout, Willis?" (unaongea nini wewe Willis?), ili wacheke! Na hela je? 1989 ilibidi awashtaki wazazi wake mwenyewe kwa hela alizochuma, 1993 mahakama ikampa zaidi ya dola milioni 1.2. Iliniuma sana.

Kasoro kubwa ni haraka. Miaka mingi imebanwa kwenye muvi moja, unaanza tu kumwelewa mtu wanakuhamisha, na aliyeonewa zaidi hapo ni Dana Plato aliyekuwa Kimberly. Huyu dada alitolewa kwenye kipindi baada ya kupata mimba, 1991 akavamia duka la kanda za video Las Vegas na bastola ya upepo akaondoka na dola 164, mwanamuziki Wayne Newton ndo akamlipia dhamana, alafu 1999 madawa yakamuua ana miaka 34. Hayo ni ya muvi nzima jamani, sio ya kupitia juu juu.

Madogo walioigiza wamejitahidi, sina neno nao. Naipa muvi 6 kwa 10, na hizo nyingi ni za Gary na Todd. Ungekuwepo muda zaidi wa Dana ningepandisha.