Nimekula taco Njiro, nina la kusema

Jumamosi nilienda na mdogo wangu kale kamgahawa ka chakula cha Meksiko huku Njiro, Arusha, na kiukweli nimependa, ila kuna kitu kimoja kimeniuma. Tuanze na tamale, unga wa mahindi umetiwa kuku wa pilipili ndani afu ukafungwa kwenye maganda ya muhindi na kupikwa kwa mvuke, ukifungua tu ile harufu yaani kama umekaa jikoni kwa bibi wakati wa mahindi mabichi. Tamu sana. Guakamole nayo, ile ya parachichi la kuponda, parachichi liliiva vizuri, limao la kutosha, na hilo neno lenyewe limetoka kwa Waazteki wa zamani.

Sasa taco, ile chapati nyembamba inayokunjwa na nyama au mboga ndani. Wameleta kwenye chapati ya ngano! Jamani mahindi yenyewe asili yake ni Meksiko, wameyalima miaka kama 9,000, na tortilla yao ya asili, yaani hiyo chapati ya taco, mahindi yanachemshwa na chokaa yanalala usiku kucha, ganda linatoka ndo yanasagwa, na hiyo chokaa ndo inafanya mwili upate vitamini B3, walioyachukua mahindi bila huo ujuzi huko Ulaya waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa hiyo vitamini. Halafu sisi huku tuna mahindi kila kona kweli tukose tortilla ya mahindi? Nilimwambia dada anayehudumia, akasikiliza vizuri bila kununa, akasema atamfikishia mpishi. Sahani 12,000, inashibisha. Nitarudia tamale.