Mobil 1 FS 0W-40 kwenye Golf GTI iliyotyuniwa: oili ya gari linaloishi kwenye foleni

Mara ya kwanza kijiti cha oili kilipotoka kinanuka petroli, nilidhani ni mikono yangu. Nilikuwa nimetoka kujaza tangi. Nikanawa kwa sabuni, nikakifuta kwa kitambaa safi, nikakichomeka tena na kukivuta. Petroli. Na kiwango kilikuwa kimepanda juu ya pale nilipokiacha wiki tatu nyuma, ilhali sikuwa nimeongeza hata tone. Nilishazoea kuogopa oili inayopungua. Siku ile ndipo nilipojifunza kuogopa inayoongezeka yenyewe.

Gari ni Volkswagen Golf GTI kizazi cha 6, injini ya lita 2 ya familia ya EA888, yenye tabo (feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) na nozo zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kiwandani hutoka na nguvu za farasi 210. Langu limebadilishwa programu ya kompyuta na presha ya tabo ikapandishwa, na lilipopandishwa kwenye mashine ya kupimia likatoa 254. Mtu akisikia namba hiyo hufikiria barabara kuu na gia ya mwisho. Mimi ni muuguzi, naishi kilomita 7 kutoka kazini. Natoka alfajiri injini ikiwa baridi, narudi jioni nusu ya safari nikiwa sailensa, yaani injini inaunguruma na gari limesimama, nyuma ya magari ya watu. Kukanyaga mafuta mpaka chini ni mara mbili tatu kwa mwezi.

Dashibodi ya gari hili inaonyesha joto la oili kwa namba, na namba hiyo ndiyo iliyonifungua macho. Mshale wa maji unafika 90 mapema kabisa, nami miaka yote niliamini hapo injini imeshapata moto. Oili wakati huo ipo 50 na kitu. Naegesha kazini ikiwa 68, au 71 siku ya jua kali. Kwa wiki nzima oili yangu haikuwa ikifika hata 80.

Sasa unganisha hilo na jambo la petroli. Injini baridi hupewa petroli nyingi zaidi ili iwake vizuri. Nozo inapoipuliza ndani ya silinda ambayo bado ni ya ubaridi, sehemu yake hugusa ukuta wa silinda kabla haijawa mvuke, ikapita kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini. Mvuke wa maji unaotokana na kuungua kwa petroli nao hushuka njia hiyohiyo. Oili ikikaa moto kwa muda wa kutosha, vyote hivyo hupaa na kurudishwa kwenye injini vikaunguzwa. Isipofika huko, vinabaki, vinalimbikizana, na oili uliyoinunua ikiwa nzito inageuka nyepesi taratibu bila taa yoyote kuwaka. Gari lililotyuniwa linaongeza petroli juu ya hapo kila tabo inapofanya kazi. Ndiyo maana nasema kwa uhakika kwamba mtu wa GTI ya foleni na mtu wa GTI ya mashindano hawatafuti oili moja, hata kama magari yao yametoka kiwanda kimoja siku moja.

Nimetumia oili tatu ndani ya miaka minne, na tangu ile siku ya kijiti nimekuwa nikipeleka sampuli maabara kila ninapomwaga.

Ya kwanza ilikuwa 10W-60. Namba ya kabla ya W husema oili ni nyepesi kiasi gani kwenye baridi, na ya mwisho husema ni nzito kiasi gani ikiwa moto. Fundi aliyenityunia gari alinishauri hivyo, kwa nia njema kabisa. "Dada, ukiongeza presha lazima uongeze na uzito wa oili. Tabo itakufa." Nilimwamini kwa sababu maneno yake yanaingia akilini. Na ipo mahali ambapo ni kweli: BMW walichagua 10W-60 kwa injini za M, kitengo chao cha magari ya kasi, kama S54 na S65, injini za kuzunguka mizunguko 8,000 kwa dakika. Lakini ile nafasi kati ya beringi na shafti, na pampu ya oili, na oili, ni vitu vilivyopangwa pamoja. Injini yangu haikupangwa na oili ya 60. Asubuhi ilikuwa inagonga juu, upande wa kamshafti, kwa sekunde kadhaa kabla ya kutulia. Shafti ya tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na haishikwi na chochote ila utando wa oili. Kwa mtu wa kilomita 7, oili ya 60 haifiki kamwe kwenye joto lake la kazi. Inaanza nzito, inafika nzito, inalala nzito. Niliimwaga kabla ya muda wake na siwezi kumshauri mtu wa mjini aijaribu.

Ya pili ilikuwa oili ya mashindano, 5W-40 yenye esta, aina ya mafuta ya kutengenezwa kwa kemia, ndani yake. Gari lilikuwa laini na kimya, nalipenda hadi leo nikikumbuka. Ila oili za namna hiyo zimetengenezwa zifanye kazi ngumu kwa muda mfupi kisha zimwagwe baada ya mbio. Nyuma ya kopo langu hapakuwa na kibali cha mtengenezaji wa gari hata kimoja, palikuwa na maneno mazuri tu. Na ndiyo hiyo iliyonuka petroli. Maabara ilirudisha karatasi: petroli asilimia 4, na uzito kwenye nyuzi 100 ni 11.2. Kwa kipimo cha SAE, jumuiya ya wahandisi inayopanga namba hizi, oili haiitwi 40 ikiwa chini ya 12.5. Yaani nilikuwa naendesha na 30 bila kujua, kwenye kopo lililoandikwa 40. Silaumu oili ile. Petroli ingeingia kwenye oili yoyote. Kosa lilikuwa kuichukua oili ya jumapili ya mbio na kuiacha miezi minane kwenye foleni.

Hapo ndipo nilipokaa chini nikaanza kusoma migongo ya makopo badala ya vifua vyake.

Kitu kikubwa nilichokipata huko kinaitwa HTHS. Oili inapashwa hadi nyuzi 150 na kubanwa kwenye mwanya mwembamba sana ikiwa inazungushwa kwa kasi, karibu na hali ya beringi inayofanya kazi kweli, halafu inapimwa imebaki nzito kiasi gani. Namba ya 40 kwenye kopo inapimwa oili ikitiririka taratibu kwenye nyuzi 100, bila kubanwa. Hizi ni habari mbili tofauti. Oili ya 5W-30 inaruhusiwa kuwa na HTHS ya 2.9 tu. Lakini ipo 5W-30 nyingine, yenye kibali cha VW 502 00, ambayo lazima ifike 3.5. Mbele ya kopo zinafanana kama mapacha. Ukiwa na presha ya tabo iliyopandishwa, hiyo tofauti ndiyo ya kukosesha usingizi, na fundi wangu alikuwa sahihi kutafuta ulinzi zaidi, ila aliutafuta kwenye namba isiyoubeba.

Neno "sintetiki" nalo niliacha kulifuata. Mobil walilalamikia Castrol nchini Marekani kwa kuyaita sintetiki mafuta ya madini yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu, na uamuzi wa mwaka 1999 ukawapa Castrol haki. Tangu hapo neno hilo likawa la tangazo kuliko la maabara. Kibali cha mtengenezaji hakipatikani kwa neno. Oili hupitishwa kwenye injini za majaribio kwa saa nyingi ndipo kikatolewa.

Kwa hiyo ya tatu nilichagua Mobil 1 FS 0W-40. Inabeba VW 502 00, Mercedes-Benz 229.5 na Porsche A40. Kwangu hiki cha Porsche kina uzito wa pekee, kwa kuwa ni kipimo cha watu wanaojua kwamba gari lao litapigwa resi hasa. Ni oili hiyohiyo ya 0W-40 ambayo Nissan waliitia kiwandani kwenye GT-R R35, gari la tabo mbili. Upande wa baridi, 0W inamaanisha imepimwa kuwa inasukumika na pampu hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Mimi sizihitaji hizo nyuzi 40. Ninachohitaji ni ule wepesi wake wa alfajiri, injini ikiwa imelala usiku kucha na oili yote imeshuka chini.

Na wepesi huo unasikika. Kugonga kwa juu kulikwisha siku ya kwanza. Presha ya oili inajengeka mara moja, na jioni baada ya dakika arobaini za sailensa kwenye joto sauti ya injini ni ileile ya asubuhi. Kwenye miezi ishirini na mbili nimeongeza nusu lita tu kati ya kumwaga na kumwaga, na injini hii inachukua lita 4.6. Sampuli ya kwanza niliitoa kwenye kilomita 5,000: petroli asilimia 3, uzito 12.1. Umeona? Imeshuka chini ya mstari wa 40 nayo pia. Sitaficha hilo, kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Hakuna kopo linalozuia petroli kuingia. Chuma kwenye sampuli kilikuwa kidogo, shaba karibu hakuna, na akiba ya sabuni zile zinazopambana na asidi ilikuwa zaidi ya nusu. Sampuli ya pili niliitoa baada ya kubadilisha mwenendo wangu, na petroli ikashuka hadi chini ya 2.

Mwenendo wenyewe ni huu. Jumapili natoka na gari dakika arobaini hadi saa moja, barabara isiyo na foleni, naangalia namba ya oili ipite 95 na ikae hapo. Sikimbii; nairuhusu tu ipate moto. Siku za kazi sikanyagi mafuta kabla oili haijafika 70, kumaanisha asubuhi sikanyagi kabisa. Nikiwa nimeisukuma tabo, dakika mbili za mwisho naendesha polepole, ili oili iliyomo kwenye beringi zake isiachwe isimame ikaungua na kuganda kama masizi. Namwaga kila kilomita 5,000 au miezi sita, na filta hutoka pamoja na oili kila mara. Mtu anayemwaga kwenye 15,000 kwa sababu kitabu cha gari kimemruhusu akumbuke kwamba kitabu hicho kiliandikwa kwa gari ambalo halijaguswa. Dawa za kuongeza ndani ya oili sitii. Waliopika oili hii walishapima uwiano wake, na mimi sina maabara ya kuurudisha nikiuvuruga.

Lipo jambo moja zaidi ambalo watu wa tabo ndogo wanalipuuza. Uko gia ya 5, mizunguko 1,600, foleni imefunguka, unakanyaga mpaka chini badala ya kushusha gia. Presha inapanda wakati pistoni inakwenda polepole, na tone la oili lililochanganyika na petroli linaweza kuwasha silinda kabla plagi haijatoa cheche. Mlipuko huo wa mapema una nguvu ya kuvunja pistoni mara moja. Dawa za kalsiamu ndani ya oili zimeonekana kuuchochea, ndiyo maana watengenezaji wamepunguza kalsiamu wakaweka magnesiamu, na daraja la SP la API (taasisi ya petroli ya Marekani) lililoanza mwaka 2020 limeweka jaribio maalumu la jambo hili. Kibali cha VW 502 00 ni cha zamani kuliko wasiwasi huo. Kwa hiyo nikishika kopo natafuta vyote viwili mgongoni, kibali cha VW na herufi SP, na nasoma kila mara ninaponunua kwa sababu mapishi ya oili yenye jina lilelile hubadilika. Halafu nashusha gia. Kushusha gia kumelinda pistoni zangu kuliko herufi yoyote.

Mobil 1 hii sio ya kila mtu. Gari jipya lenye chujio la masizi kwenye egzosi linataka oili yenye majivu kidogo, na hii si hiyo. Huko tafuta VW 504 00 au C3 ya ACEA (umoja wa watengenezaji magari wa Ulaya), ambayo nayo inadai HTHS ya 3.5. Ile ya kijani ya 0W-20, VW 508 00, isikaribie injini ya zamani iliyotyuniwa hata ukipewa bure. Na kama unalipeleka gari uwanja wa mbio mara kwa mara na kuona oili ikipita 130, basi ile ya esta niliyoiacha inakufaa, mradi uimwage ukirudi.

Ukiikosa Mobil 1 hii, Motul 8100 X-cess 5W-40 ina VW 502 00 na Porsche A40 pia, nami ningeitia bila kusita. Kopo langu linalofuata limeshakaa chini ya meza jikoni pamoja na filta na waya wa kufungia chupa ya sampuli. Kijiti nakivuta kila Jumamosi. Hakijanuka tena tangu Machi.