Essentials Kit kwa watu wawili: uzoefu wangu na joka lisilotulia

Nianze na mama mkwe, maana bila yeye nisingejua kwamba sauti zetu zinafika mpaka chumba cha wageni. Alikuja Tabata kukaa nasi wiki mbili. Usiku wa tatu akamsikia mwanawe sebuleni akisema bila wasiwasi wowote, "Mimi mchawi wa daraja la pili, namlaza huyu mlinzi." Halafu dadu zikagonga meza ya kioo. Uchawi na kamari, nyumba moja, usiku mmoja. Asubuhi akaniita pembeni: "Mwanangu, mume wako yuko sawa?"

Yuko sawa. Tunacheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani ambao Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa Marekani mwaka 1974. Mtu mmoja anasimamia hadithi, wengine wanaigiza wahusika, na jambo likiwa na mashaka linaamuliwa na dadu. Shida yetu ilikuwa watu. Mchezo wenyewe umezoea kundi la wanne au watano, na sisi tuko wawili, tunarudi nyumbani saa mbili usiku tumechoshwa na foleni. Ndiyo maana nikamwomba shemeji anayeishi Marekani atubebee Essentials Kit, sanduku la mwaka 2019 ambalo linakubali msimamizi mmoja na mchezaji mmoja. Lilipotoka liliuzwa kule dola 24.99. Lilifika kona moja imebonyea kwa kulaliwa na viatu kwenye begi, lakini ndani kila kitu kizima: kitabu cha kanuni cha kurasa 64, kitabu cha visa, dadu 11 nyekundu, kadibodi ya kuficha makaratasi ya msimamizi, ramani ya pande mbili, karatasi tupu za wahusika na kadi za kuchana. Kanuni zake zinaishia mhusika anapofika daraja la sita la ukuaji wake. Kwa watu wenye kazi za kuajiriwa hiyo ni miezi mingi, msiwe na hofu.

Kilichonifanya nilitake ni wasaidizi. Kabla ya sanduku tulijaribu kwa kanuni za bure (kanuni za msingi za toleo la tano la mchezo zilitolewa Januari 2023 kwa Creative Commons, leseni inayoruhusu yeyote azitumie, unapakua tu). Nikamwekea mume wangu goblini wanne porini, vijitu vifupi vyenye ubaya. Mhusika wake alikuwa na uhai 12. Mshale wa goblini ukipata unakula tano hivi. Yeye anapiga mara moja, wao wanapiga mara nne. Mizunguko mitatu, yuko chini, na hakuna wa kumfunga jeraha kwa sababu alikuja peke yake. Alinitazama kama nimemfukuza nyumbani.

Kwenye sanduku, mchezaji aliye peke yake anapewa mwenzake: mpiganaji, fundi wa mbinu au mjuzi wa uganga, mwenye karatasi fupi isiyokuchosha. Kanuni za bure hazina kitu hiki. Wetu ni nahodha mzee wa jahazi, tumemfanya wa mbinu, hivyo kila zamu anaweza kukusaidia na bado akatupa kisu chake. Tofauti ni ya usiku na mchana. Na pale hadithi inapolala, nahodha analalamika kuhusu goti lake.

Kisa kilichochapishwa tulikicheza mara mbili. Ni kizuri, lakini kiko kaskazini yenye baridi, joka jeupe, vilele vya barafu, na mume wangu kila mara aliniuliza theluji ikikanyagwa inalia vipi. Sijui. Tukaamua tujenge dunia yetu: mji wa mawe wa matumbawe wa karne ya 14, mfano wa Kilwa, ile aliyofika msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, yenye dhahabu ya Sofala ikipita bandarini na jumba la sultani lenye bwawa la pembe nane juu ya genge la bahari. Zama za kati tunazo hapa hapa, na waliofika Husuni Kubwa, magofu ya jumba hilo, wanajua sikuhitaji kubuni sana.

Kanuni zilianza kugombana na mji wetu, na hapo ndipo raha ilipo. Deraya, kwa mfano: nani anavaa chuma kizito saa nane mchana pwani? Tukapitisha kwamba wageni wa melini ndio wanaovaa, na jua likipanda wanavua. Kubwa zaidi ilikuwa fedha. Kwa kanuni, shaba kumi ni fedha moja, fedha kumi ni dhahabu moja, na upanga mrefu ni dhahabu 15. Lakini Kilwa ilipiga sarafu za shaba, na mimi nikashikilia kwamba sokoni kwetu dhahabu ni shehena, haiwi chenji. Basi upanga ukawa shaba 1,500. Mume wangu akafungua ukurasa wa mizigo: sarafu 50 ni ratili moja. Kwa hiyo upanga mmoja unaununua kwa ratili 30 za shaba, kilo 13 na ushee. Alicheka mpaka akainuka kwenye kiti. Mhusika wake hakuwa na mpagazi, ikabidi aandikiwe deni na mfanyabiashara wa nguo. Deni hilo ndilo kampeni yetu yote sasa, yaani ile hadithi ndefu tunayoicheza usiku hadi usiku. Hakuna sultani mwovu wala unabii. Kuna mtu anadaiwa.

Swali gumu kwa wapenzi wanaojenga pamoja ni nani atashangazwa, kama wote mnajua kila kitu. Sanduku halina jibu, tulijitafutia. Ramani tumeigawa kwa mkono wa bahari. Kaskazini ni kwangu, kusini ni kwake, kila mtu na daftari lake. Akivuka kuja kwangu mimi ndiye msimamizi, nikivuka kwenda kwake ninakuwa mchezaji. Daftari la mwenzio haliguswi, hata likiwa limeachwa wazi chooni (liliachwa, na sikugusa). Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuandika kurasa 12 za nasaba ya masultani. Alipofika getini aliuliza soko la samaki liko wapi, akaondoka, na nasaba yangu haijasomwa mpaka leo.

Tulichoiba kutoka kitabu cha visa ni jedwali dogo: unarusha dadu kujua joka liko wapi. Halimsubiri shujaa pangoni, linazunguka. Sisi tuna joka la baharini, linapindua madau, na tunarusha dadu ya pande 20 kila tunapokaa, kabla ya chai. Hata msimamizi hajui. Likitua upande wangu, mipango yangu imeharibika kama yake.

Manung'uniko madogo: kadi zinachanika vibaya ukiwa na haraka, na kila kitu ni Kiingereza, kwa hiyo mnatafsiri mnavyokwenda. Tuna "namba ya kinga" (ugumu wa kukupiga) na "dadu ya kujiokoa" (unayorusha kukwepa hatari), zimekaa vizuri. Elf, kiumbe wa msituni wa hadithi za Ulaya, imetushinda. "Nakutana na elfu msituni." Elfu ngapi? Tukamfuta kabisa, msituni sasa kuna watu warefu wasiosalimia.

Kama huna wa kukubebea, anza na kanuni za bure na dadu yoyote, mtunge msaidizi wenu wenyewe. Kama unaye, nyota nne na nusu. Nusu nimekata kwa ajili ya kadi.

Mama mkwe alikaa nasi usiku wa mwisho kabla ya basi lake la asubuhi. Tukampa sauti ya mfanyabiashara wa nguo. Alikataa katakata kusamehe deni, akaongeza na riba.