Ukishachoka na Greatest Hits: Queen ya kununua kwanza

Greatest Hits ya bendi ya Queen, ya 1981, haijapitwa na albamu yoyote kwa mauzo nchini Uingereza. Ila toleo lake la huko lilichukua wimbo mmoja tu, Seven Seas of Rhye, kutoka albamu mbili za kwanza za bendi. Anayetaka kumsikia Farrokh Bulsara, mtoto wa Mji Mkongwe, kabla dunia haijamzoea kama Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, aanzie hapa chini.

Namba moja, bila ubishi: Queen II (1974), toleo la CD mbili la 2011. Upande wa pili wa santuri, ule "mweusi", ni wa Freddie mtupu. The March of the Black Queen inabadilika kila unapodhani umeikamata, na sauti zimepandishwa juu ya sauti mwaka mzima kabla ya Bohemian Rhapsody. CD ya nyongeza ina See What a Fool I've Been, wimbo wa blues uliofichwa upande B wa santuri ndogo ya Seven Seas of Rhye, pamoja na toleo lake la BBC la 1973. Nalipenda zaidi la BBC. Freddie anaimba kwa madaha kama anamtania mtu.

Namba mbili ni albamu ya kwanza, Queen (1973), nayo ya CD mbili ya 2011. Hapa angalia mfuko wako. Lipo boksi la 2024 la albamu hiyohiyo, Queen I, lenye CD sita na santuri, ambamo sauti zimechanganywa upya, ngoma zikapata uzito ambao bendi yenyewe ililalamika tangu mwanzo kuwa haupo. Ni zuri, lakini ghali. Nyimbo tano za majaribio zilizorekodiwa studio ya De Lane Lea mwaka 1971, pamoja na Mad the Swine iliyoachwa nje ya albamu, zimo pia kwenye toleo la 2011 kwa bei ya kawaida. Boksi ni la mkusanyaji.

Tatu: On Air (2016), vipindi vya BBC vya 1973 hadi 1977. Chukua ya CD mbili. Ile ya CD sita ina tatu za mahojiano matupu. Utazisikiliza mara moja, basi. Usikose We Will Rock You ya haraka, ya Oktoba 1977, ambayo ni roki ya mbio hasa.

Live at the Rainbow '74 naiweka ya nne. Ya CD mbili ndiyo yenye onyesho la Machi na la Novemba. Kati ya maonyesho hayo wimbo Killer Queen ulivuma, na unaisikia bendi ikijiamini zaidi.

Mwisho, boksi la 2022 la albamu The Miracle (1989). Face It Alone inagusa, lakini kununua boksi zima kwa ajili yake na vipande vya studio, hapana. Wimbo huo unapatikana peke yake mtandaoni.

Ukinunua mitumba, soma mgongo wa jalada. CD za Marekani za 1991 zina nyongeza zilizochezewa na maprodyuza wa wakati huo, zikapoteza ladha ya miaka ya sabini. Ukiona neno "remix" kando ya Liar au Ogre Battle, umeshika hiyo.